Mrejesho: tairi za baiskeli ya resi, Uyole hadi Tukuyu

Wakuu, niliuliza nibaki na tairi za upana wa milimita 25 au nihamie 32, kwa kwenda kazini kila siku toka Uyole hadi Mbeya mjini na safari ya Tukuyu Jumamosi. Mlioniambia 32, asanteni sana. Nilipima kwanza nafasi kwenye uma (panaposhikwa gurudumu la mbele) na breki, zimeingia. Upepo nimeshusha kutoka psi 100 hadi 65, tairi la nyuma nikizidisha kidogo, na mikono haifi ganzi tena. Niliogopa mlima wa Isyonje ungekuwa mzito, sikuona tofauti. Utamu wenyewe ni kuteremka kuelekea Kiwira lami ikiwa imelowa: baiskeli inashika barabara, sibani breki kwa woga. Pancha ni moja tu, mwiba. Zile za 25 nimempa mdogo wangu.