Sukuma ya gunia: majani machanga manjano, mishipa kijani

Gunia_Utawala
Hamjambo wadau. Sukuma wiki zangu ziko kwenye magunia hapa Utawala: madebe matatu ya udongo mwekundu kwa debe moja la samadi, na majivu ya jikoni kila wiki kwa ajili ya konokono. Maji ni ya kisima kirefu. Majani ya juu yanatoka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ya chini hayana shida. Nimeweka CAN, mbolea ya naitrojeni, wapi! Kinakosekana nini?

Fundi Udongo
Chuma. Dalili zikianzia juu, shuku madini ambayo mmea hauwezi kuyatoa kwenye jani kuukuu na kuyapeleka kwa changa: chuma, kalisi, boroni. Naitrojeni, potasi na magnesi huhama, kwa hiyo upungufu wake huonekana chini kwanza. CAN isingesaidia.

Wekundu wa udongo huo ni chuma chenyewe, kimejaa tele. Lakini pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) ikipita 7 hakiyeyuki, na mizizi haikipati. Majivu yanapandisha pH, na visima vingi vya Nairobi vina maji yenye bikaboneti nyingi, basi kila ukimwagilia unazidisha. Acha majivu leo.

Kisha pima. Kijiko kimoja cha udongo mkavu, viwili na nusu vya maji ya betri (yale safi, si asidi!), koroga, subiri nusu saa, chovya karatasi ya pH. Sukuma hupenda 6 hadi 6.8.

Kijani Kibichi
Manjano kati ya mishipa si magnesi? Nyunyiza chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi), gramu 20 kwa lita.

Fundi Udongo
Ingekuwa magnesi, majani ya chini yangeanza. Manganizi ndiyo inayofanana na hii, nayo pia hufungwa na pH ya juu, kwa hiyo dawa ya udongo ni ileile.

Gunia_Utawala
Karatasi inasoma karibu 8. Nimwage udongo wote?

Mzee wa Samadi
Usimwage. Badala ya CAN tumia SA (mbolea ya salfeti ya amonia): kijiko kimoja cha mezani ndani ya lita 10, gawa gunia zima, kila wiki mbili. Amonia yake ikigeuzwa na bakteria huacha asidi, pH inashuka polepole. Kinga maji ya mvua uyatumie kadiri yanavyopatikana. Siki kwenye maji hupoza kwa muda tu. Vijidudu vya udongo huila.

Kwa haraka, nunua agroveti chuma cha kuweka kwenye udongo, lakini soma lebo: kiwe kimeshikwa na EDDHA, kemikali inayokizuia kuganda udongoni. Kile cha EDTA ni bei nafuu, ila kwa pH 8 kinaachia chuma na pesa yako imeenda. Salfeti ya chuma unaweza kunyunyiza kwenye majani, gramu 2 au 3 kwa lita na matone ya sabuni, jioni. Ukizidisha inaunguza na kuacha madoa meusi. Usihukumu kwa majani yaliyokwisha kuwa manjano, angalia yanayochipuka.

Na ile nguzo ya kokoto katikati ya gunia, inapitisha maji? Ikiziba, mizizi inakosa hewa na manjano yanarudi hata pH ikiwa sawa.