Mafundi wa kung'arisha taa za gari, mnatuibia mchana kweupe!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Hivi nyinyi mnaojiita mafundi wa kurudisha taa zilizopauka ziwe kama mpya, mnajua mnachokifanya au mnajua kusugua tu? Nimepeleka gari taa za mbele zimepauka, njano tupu, usiku nikiwasha ni kama sijawasha. Nikarudishiwa zinameta. Fundi akapiga picha za kabla na baada, akajisifia mwenyewe, akachukua hela yake. Haikupita hata miezi mingi ukungu ukarudi, tena mbaya kuliko mwanzo, na mabaka juu. Nikamfuata. Jibu lake: "Hilo jua, bosi, mimi siwezi kushindana na jua."

Sasa kama huwezi kushindana na jua, nilikulipa kwa kazi gani? Kazi nzima ya kurudisha taa ni kushindana na jua!

Ngoja niwaeleze wenzangu, maana hawa wanatupiga kwa sababu hatujui. Taa za magari ya sasa hazina kioo. Ni polikaboneti, plastiki ngumu inayostahimili kugongwa na vijiwe vya barabarani, lakini haiwezi kabisa kustahimili miale ya urujuanimno (UV) ya jua. Ndiyo maana kiwandani wanaipaka utando mwembamba wa kuikinga. Miaka inavyokwenda utando unachakaa na kubanduka, jua linaipata plastiki yenyewe, inaanza umanjano na weupe. Angalia taa yoyote iliyopauka, utaona sehemu ya juu inayotazama mbingu ndiyo imeathirika zaidi.

Fundi akishika msasa anaondoa uchafu wote ule pamoja na mabaki ya utando wa kiwandani. Ni lazima, sibishi. Lakini akiishia kwenye polishi, amekuachia plastiki iliyo uchi. Leo inang'aa, kesho jua linaanza kuila bila kizuizi chochote. Yule wa kwangu hakupaka kitu mwishoni. Nilipomuuliza akanionyesha kopo la waksi! Waksi ya bodi, ndugu zangu, ambayo mvua chache tu zinaiondoa.

Kazi ya maana inajulikana. Unabandika selotepu ya karatasi kuzunguka taa usije ukakwaruza rangi. Unapiga msasa wa maji, namba 800 au 1000 kama hali ni mbaya (namba ndogo ndiyo yenye ukali zaidi), kisha 1500, 2000 hadi 3000, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia, maji yasikauke. Ukiruka namba, mikwaruzo utaiona usiku taa ikiwaka. Unamalizia na polishi, mashine iende polepole maana plastiki ikipata joto inaungua. Halafu unafuta mafuta yote na spiriti, unapaka klia (vanishi isiyo na rangi) yenye kinga ya jua. Ile ya kuchanganya na hadina (kemikali ya kuifanya iwe ngumu) ndiyo inayodumu (na anayeipuliza avae barakoa inayofaa, mvuke wake ni hatari kwa mapafu). Hatua hii ya mwisho ndiyo wanayoikwepa wengi, kwa sababu mteja akiondoka hawezi kuona kama ipo au haipo.

Halafu kuna mashujaa wa mitandaoni. Dawa ya meno: inasugua kidogo, inang'arisha kidogo, haina kinga yoyote. Sawa, angalau haidhuru sana. Lakini anayekwambia upake dawa ya kufukuza mbu huyo ni adui yako! Zile zenye DEET (kemikali inayofukuza wadudu) zinayeyusha uso wa plastiki, ndiyo maana inaonekana safi papo hapo. Baadaye inakuwa na unata na mabaka, na ikidondokea rangi ya bodi, imekula kwako. Na ule ujanja wa kikombe kinachopuliza mvuke kwenye taa ni habari ileile: kwenye vimiminika vingi vya aina hiyo kuna kemikali ya kuyeyusha plastiki, fundi anaivuta puani huku anacheka na kamera.

Na msinishauri nifunge balbu kali zaidi. Mwanga ukipita kwenye taa yenye ukungu unatawanyika, unampofusha anayekuja mbele na wewe mwenyewe huoni. Hili siyo suala la urembo. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018 kikakuta taa zilizopauka hutoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Watu wanagongwa usiku, nyie mnauza picha za kabla na baada!

Jambo jingine linaloniudhi: kuna mafundi wanapokea taa yenye unyevu ndani, wanasugua nje kutwa nzima, wanakula hela. Kama maji yameingia ndani, msasa wa nje utasaidia nini? Mwambie mteja mpira wa kuzuia maji umeisha au taa imepasuka, basi.

Mafundi mliomo humu, jibuni swali moja: mkimaliza polishi mnapaka nini, na mnampa mteja dhamana ya muda gani? Anayesema "waksi" asijisumbue kuandika.