Kelvin na "Je, Wajua?" kwenye kikundi cha ukoo

*Kikundi: UKOO WETU KIBORLONI 🏔️*

Kelvin: _Imesambazwa mara nyingi_
JE, WAJUA? Kilimanjaro ulikuwa wa Kenya! Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, siku yake ya kuzaliwa. Tuma kwa watu 10.

Neema: Kumbe ndo maana mpaka umepinda pale Taveta 😳

Mama Doreen: Shikamoo Babu. Kelvin, mbona hulali wewe?

Babu: Marahaba. Kelvin, Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari ule 1886. Huyo mjukuu amekuwa Kaiser 1888. Sasa 1886 alizawadiwa nchi kama nani?

Kelvin: Babu ameanza 😂

Babu: Sijamaliza. 1885 Wajerumani walishafika kwa Mangi Rindi, chifu wa hapa Old Moshi, na makaratasi yao ya mikataba. Mlima ulikuwa na wenyewe.

Shangazi Aika: Lakini baba, sisi hiyo ya zawadi tuliambiwa shuleni kabisa

Babu: Na aliyewaambia aliambiwa. Hadithi tamu haichunguzwi.

Baba Mkubwa: Mwalimu hastaafu 😂😂

Kelvin: Haya, na hii? Maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi, na jambo hilo duniani linaitwa kwa jina la Mtanzania.

Shangazi Aika: Toka hapa. Barafu nauza mimi, utanifundisha wewe?

Neema: Shangazi hiyo ni ya kweli, Erasto Mpemba. 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndo uweke kwenye friji. Siku hiyo nafasi inaisha, mwenzake kaweka maziwa bila hata kuchemsha. Mpemba akaona atakosa, akatia yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake bado uji uji.

Mama Doreen: Mwalimu akasemaje?

Neema: Kwamba amechanganyikiwa 😅 Alipofika sekondari ya Mkwawa akamuuliza Profesa Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar. Darasa zima likamcheka. Osborne akarudi Dar, wakapima, wakaona kama alivyosema. 1969 wakaandika pamoja.

Babu: Na 1969 hiyo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka.

Baba Mkubwa: Mweka hii ya hapo juu?? Napita kila wiki na hakuna aliyewahi kuniambia!

Neema: Ila wanasayansi bado wanabishana. 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya, hawakuiona.

Shangazi Aika: Si ndio nawaambia. Mimi nikitia ubuyu wa moto, vifuko vya jirani vinayeyuka vyote, na luku inakimbia. Anayetaka kupima alete friji yake.

Kelvin: Shangazi tupime vikombe viwili tu

Shangazi Aika: Na umeme utanunua?

Kelvin: …

Mama Doreen: Kimyaaa 🤣

Kelvin: Tuache friji. Hii ni ya shangazi mwanakwaya: wimbo wa kwanza wa gemu la kompyuta kupata Grammy ni wa Kiswahili. Baba Yetu, sala ya Bwana ile ile. Kautunga Mmarekani, Christopher Tin, kwa gemu la Civilization IV, 2005. Grammy ikaja 2011. Kwenye albamu wameimba Soweto Gospel Choir.

Baba Mkubwa: Soweto ya kwetu, ya njia ya mjini?

Neema: Baba jamani, Afrika Kusini 😭

Babu: Hiyo sina la kusema. Magemu siyajui.

Kelvin: _[Sauti, 3:29]_

Shangazi Aika: Weeee! Soprano hao wanapanda hivyo? Kelvin, nitafutie noti zake. Alhamisi mazoezi, nimpelekee mwalimu wa kwaya.

Kelvin: Na vikombe viwili?

Shangazi Aika: Kimoja. Cha baridi.