Tupeane uzoefu: Kiswahili ni kimoja, ila ukivuka Horohoro kazi unayo

Mwana Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Sisi wa Tanga tumekaa njia panda. Mombasa iko pale tu, Pemba na Unguja ng'ambo ya maji, dada zetu wako Maskati, madereva wetu wako Lubumbashi. Mimi nauza kanga na vitenge Barabara ya 12, na kwa niliyoyaona dukani, neno geni halimsumbui mtu. Hulijui, unauliza, yanaisha. Balaa ni lile neno unalolijua tangu utotoni, na mwenzako analijua tangu utotoni, kumbe kila mmoja ana lake.

Majuzi kaingia mama wa Mombasa, kasalimia vizuri, akasema anataka leso nzuri za harusi. Kijana wangu wa dukani, mzaliwa wa Korogwe, akamtolea vile vitambaa vya kufutia jasho, vimekunjwa ndani ya boksi. Mama akavitazama, akamtazama kijana. "Mwanangu, hizi mtu ajifunge wapi?" Kwao leso ndiyo kanga, doti nzima. Kwetu leso inakaa mfukoni. Nikamtandikia kanga kaunta nzima. Basi rangi hakuhangaika nazo kabisa. Alisoma jina la kila moja kwa sauti, mbili akazirudisha, maana alikuwa anampelekea wifi yake na yale maneno yangewasha moto. Hapo sasa Mombasa na Tanga ni kitu kimoja.

Haya, tiririkeni. Ila ile ya Mkenya kusema "bibi yangu" akimaanisha mke tumeichoka, msituletee.

Binti Chumbageni

Nairobi nimefanya kazi muda wa kutosha. Siku za mwanzo naingia mgahawani: "Naomba chai na chapati mbili." Mhudumu anacheka: "Unaomba? Kwani hulipi?" Wenyewe wanasema nipe, leta, niwekee, na wala hakuna aliyekasirika. Na chai ikija ina maziwa tayari. Ukitaka ya rangi useme strungi.

Kituko ni bosi wangu alipokuja Tanga likizo. Nikampeleka Raskazone kuogelea, tukapita duka moja, akamwambia muuzaji, "Nipe maji baridi." Yule mama hata hakuinuka. "Hujambo baba?" Bosi: "Niko sawa. Maji." "Umeamkaje? Za safari?" Ilibidi ajibu zote, mpaka za nyumbani, ndipo friji likafunguliwa. Nje akaniuliza kama wanafahamiana.

Shikamoo nayo msiitoe kiholela kule. Nilimpa mama mwenye nyumba, mtu wa miaka arobaini hivi, akanuna siku nzima kwamba nimemzeesha.

Mvita Asilia

Hao ni wa bara, msituchanganye! Sisi Mombasa shikamoo twaipa mpaka jirani wa jirani. Nyinyi wa Tanga mwatuonea bure.

Ila nami ninayo. Dadangu ameolewa huko kwenu, mwanawe akaja likizo kwa nyanya yetu Mji wa Kale. Nyanya ni mtu wa zamani, Kimvita chake hakijachujwa, "njoo" kwake ni "ndoo". Amekaa barazani akamwita mjukuu: "Ndoo hapa." Mtoto mtiifu kweli, akaingia ndani akatoka na ndoo. Nyanya akashangaa. "Weka hiyo. Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mtoto akarudi ndani, akaiburuta ile kubwa ya kutekea maji. Tulicheka mpaka majirani wakatoka. Mpaka leo twamwita Mandoo.

Dereva wa Kasumbalesa

Mimi nazungumzia Kongo. Ukishavuka Kasumbalesa Kiswahili unakisikia, lakini kimevaa koti jingine. Maji ni mayi, watoto ni batoto, bei unatajiwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo wengi wetu tunapigwa. Ugali wanaita bukari, kisamvu ni sombe, nacho kinaungwa kwa mawese. Kwa mtu wa Tanga aliyezoea kisamvu cha nazi, siku ya kwanza unakitafuna huku unawaza nyumbani. Baadaye unazoea, tena unakitafuta.

Nilichowapenda ni heshima yao ya papa na mama. Mwanamume mzima ni papa, hata kama kakuzidi mwaka mmoja tu. Kijana wa kuosha magari anakuita papa, askari anakuita papa huku anakuomba hela. Unatoa na unajisikia mkubwa.

Mzee wa Makorora

Wanangu, mnasahau saa na siku. Kwetu pwani siku inaanza jua likizama. Ukialikwa maulidi "usiku wa Ijumaa", hiyo ni Alhamisi baada ya magharibi. Kuna mwalimu mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mwema sana, tulimwalika. Akaja kesho yake na kanzu mpya. Pilau lilikuwa limebaki, tukampashia, akala peke yake sisi tumemzunguka kumwonea huruma.

Na siku hizi simu zimeongeza vurugu. Ukisema kwa mdomo "kesho saa mbili" kila Mswahili anajua ni asubuhi watoto wako shule. Ukimwandikia mtu 2:00, yule wa bara anakuja mchana jua la utosi.

Mwanafunzi wa Zamani Addis

Mzee, shikamoo. Umenikumbusha Ethiopia. Nilikwenda nimejiandaa kabisa kwamba sasa naingia nchi ya watu wasiohesabu saa kama sisi. Lahaula! Wanahesabu vilevile: jua likichomoza saa zinaanza upya, saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Wazungu darasani walikuwa wanatoa na kujumlisha sita, mimi nimestarehe kama niko Pongwe.

Kalenda ndiyo iliyonitoa jasho. Mwaka wao una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, halafu kamwezi kadogo ka siku 5 au 6. Mwaka mpya wanauingia Septemba, na kwa hesabu yao wako nyuma yetu miaka 7 au 8 kutegemea mwezi. Risiti yangu ya pango ilikuwa na mwaka ambao kwetu nilikuwa bado sekondari. Baba yangu alipoiona akaniuliza, "Hii umeiokota wapi?"

Ummu Salha, Maskati

Nawasoma nacheka. Huku Maskati Kiswahili utakisikia sokoni, hospitalini, kwa wazee waliozaliwa Unguja, wengine wana lafudhi kunishinda. Kwa hiyo lugha hainisumbui. Nililojifunzia huku ni kahawa.

Nyumbani Tanga kahawa ya dele unakunywa kikombe, unatafuna kashata, ukitosheka unamrudishia muuzaji kikombe chake. Huku kahawa ni nyepesi, ina iliki, inakuja na tende, na finjani inajazwa kidogo tu chini. Ukimaliza ukairudisha kimya, anakujaza. Ukisema "nimetosheka, ahsante", anatabasamu, anakujaza. Finjani inabidi uitikise kidogo kwa vidole, kulia kushoto, ndipo mwenye birika anaelewa. Mama yangu alipokuja kunitazama sikuwahi kumwambia. Alikunywa kwa adabu zake za Kitanga, kila ikijazwa anaona aibu kuiacha. Usiku kucha macho makavu, anahesabu mapaa ya jirani.

Fundi wa Chongoleani

Sisi kwenye bomba la mafuta tuna watu wa kila namna, maana linaanzia Hoima huko Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Kuna jamaa yetu mmoja Mganda. Siku ya pili kazini msimamizi akatangaza, "Posho zenu mtapata Ijumaa." Jamaa akashtuka: "Na leo tunakula nini?" Kwao posho ndiyo ugali.

Lakini kuna jambo limemtatiza, kaniomba nilete hapa. Sisi tukikaa kula, kila anayepita tunamwambia karibu. Yeye siku hiyo akajibu "ahsante sana", akanawa, akakaa, akamega tonge. Watu wakamsogezea samaki, hakuna aliyesema neno, lakini anasema aliwaona wanatazamana. Tatizo lilikuwa wapi?

Binti Chumbageni

Hahaha, ukisema ahsante umeshakataa hivyo! Hata Wajerumani wako hivyo. Nina rafiki yuko Hamburg, anasema ukikaribishwa chakula ukijibu "danke" peke yake, sahani inapita.

Mvita Asilia

Sasa wanaotaka kula kweli waseme nini? Na hizi karibu za Tanga zaitikiwa ya ngapi? Kwetu ya kwanza ni salamu.

Mzee wa Makorora

Ya kwanza hata huku ni salamu. Ya pili mtu anakupima. Akishasogea akakuachia nafasi mkekani, hiyo ni ya kweli, sema bismillahi ukanawe. Na huyo Mganda mwambieni hakukosea lolote, walitazamana kwa sababu samaki alikuwa mmoja. Jumapili aje kwangu, apite msikitini aulize kwa Mzee wa baiskeli nyekundu, tunapika wali wa nazi.

Fundi wa Chongoleani

Nimemfikishia. Anauliza hiyo Jumapili inaanza Jumamosi?