Kastadi inalegea usiku, jeli haishiki, bei haieleweki: naanza vitindamlo vya vikombe

MwikoMpya
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza chuo cha upishi, mchana nipo kwenye ajira, jioni naandaa biashara ya vitindamlo vya vikombe. Kastadi ni hii: maziwa lita 1, viini 8, sukari gramu 200, konfloa gramu 80, siagi gramu 50. Kwa lita 1 inasimama vizuri. Nikizidisha mara 5, inaingia kwenye friji ikiwa nzito, asubuhi inamiminika kama uji mwepesi. Jeli ya nanasi bichi nayo haishiki hata nikiongeza jelatini maradufu. Halafu bei: kuzidisha gharama ya viungo mara 3 kunatosha? Na kwa mtu mwenye saa 3 tu kila jioni, kazi ipi itangulie?

KipimajotoKwanza
Vipimo vyako havina kosa, kosa liko kwenye moto. Viini vya mayai vina kimeng'enya kiitwacho amilesi, na kazi yake ni kukatakata wanga. Kastadi huwa nzito kabla amilesi haijafa, ndiyo maana jioni unaiona imekamilika. Kwenye lita 1, ukiona mapovu ya kwanza basi karibu yote imechemka. Kwenye lita 5 mapovu hayo yanatokea pembeni tu, katikati bado. Ukiepua hapo, amilesi inafanya kazi usiku kucha.

Subiri mapovu mazito yapasuke katikati kabisa ya sufuria, kisha endelea kukoroga dakika 2 kamili bila kuacha. Mchapo (kifaa cha waya cha kukorogea) haufiki kwenye kona za chini, kwa hiyo kila mara pitisha mwiko bapa hapo, ndipo inapoungulia. Usiogope mayai kukatika, konfloa inayalinda. Krimu ya viini isiyo na wanga ndiyo unayoiepua kwenye nyuzi 82 hadi 84, na watu wengi wanachanganya kanuni hizo mbili.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: usionje kwa kijiko kisha ukakirudisha kwenye sufuria. Mate yana amilesi pia, na kijiko kimoja kinaweza kulegeza sufuria nzima, mbali na suala la usafi.

Ukiepua, mimina kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 4, laza nailoni ya chakula iguse uso wa kastadi, na weka trei juu ya barafu. Ishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria ya lita 5 ikiingizwa kwenye friji nzima nzima, katikati hukaa vuguvugu kwa muda mrefu mno. Ningekushauri upike lita 2.5 mara mbili mpaka upate sufuria yenye kitako kinene.

Na ukitaka kujua kosa ni lipi: ikilegea yote kwa usawa, ni amilesi. Ikitoa maji huku mabonge yakibaki, iligandishwa kwenye friza au imekaa siku nyingi.

GramuTupu
Kuhusu bei, mara 3 kwa kila kitu itakuumiza. Chizikeki hula viungo vya gharama lakini mikono kidogo. Kikombe chenye tabaka 4 kina viungo rahisi na kinakula dakika zako. Ukitumia kizidisho kimoja, cha kwanza kitakuwa ghali kupita kiasi na cha pili utakiuza kwa hasara bila kujua.

Anza na mavuno. Viungo vya kilo 5 havitoi kilo 5. Tuseme mvuke na kinachobaki kwenye sufuria vimekula gramu 400. Kwa kikombe cha gramu 120 unapata vikombe 38, si 41. Gharama igawe kwa 38. Ongeza kikombe, mfuniko, kijiko, lebo na gesi. Kisha shika saa: kama kujaza na kufunika vikombe 38 kunachukua dakika 57, hiyo ni dakika 1 na nusu ya ujira kwa kila kimoja, na bado hujaosha vyombo. Faida inakuja baada ya hayo yote.

Na tafadhali futa "viini 8" kwenye daftari. Kiini kimoja kina kama gramu 18 lakini mayai hayalingani. Andika gramu 145 na upime. Ukizidisha mara 5, tofauti ndogo zinajumlishana.

BarafuNaSukari
Nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini, na jelatini ni protini. Ndiyo maana kuongeza jelatini hakusaidii. Papai, kiwi na tangawizi mbichi zina tabia hiyo hiyo. Chemsha juisi dakika chache, iache ipungue moto, ndipo uweke jelatini iliyoloweshwa kwa maji baridi mara 5 ya uzito wake. Usiichemshe jelatini yenyewe, inapoteza nguvu. Au tumia aga, kigandishi cha mwani, ambayo si protini. Hiyo lazima ichemke ndipo iyeyuke, na jeli yake hukatika badala ya kutikisika.

Ratiba: jioni ya kwanza oka chizikeki na keki ya tabaka. Chizikeki inahitaji usiku mzima kukaza, na keki inakaa vizuri kwenye friza. Jioni ya pili pika kastadi. Jioni ya tatu jaza vikombe. Krimu ya kupigwa iwe ya mwisho, ikiwa baridi kama nyuzi 5, la sivyo haishiki hewa. Mimi ningeanza na aina 3 tu, zinazotumia kastadi ile ile.

Kabla ya kuuza, weka vikombe 6 vya kila aina kwenye friji na ufungue kimoja kila baada ya saa 24. Andika siku keki ilipoanza kulowa na siku maji yalipotokea juu. Muda wa lebo yako uwe mfupi kuliko siku hiyo.

MwikoMpya
Asanteni sana wakuu, kumbe nilikuwa naepua mapema. Swali dogo: nanasi likigandishwa kwanza kwenye friza, bromelaini haifi?

BarafuNaSukari
Haifi, inalala tu. Likiyeyuka linaendelea kuvunja. Ni moto peke yake, au nanasi la kopo kwa sababu limeshapashwa moto kiwandani. Hata vipande vya kupamba juu vichemshe pia. Kipande kibichi kikikaa juu ya jeli usiku, asubuhi utakuta kimezama kwenye kishimo cha maji.