Filamu za anga za bajeti ndogo: walipataje sayari nzima bila fedha?

Mwalimu wa Makulu

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Dodoma. Kwa miezi michache nimekuwa nikitazama, pamoja na wanafunzi wa klabu ya sayansi, filamu za anga zilizotengenezwa kwa fedha kidogo katika miaka ya 1950 na 1960. Mwanzoni vijana walicheka, kisha wakaanza kurudisha nyuma kipande kimoja kimoja ili waone kilivyofanyika. Sasa wanataka kutengeneza filamu yao ya dakika 15 kuhusu wanaanga wanaotua Mirihi. Tuna kamera moja ya kuazima, simu mbili, na fedha isiyotosha hata kukodi taa. Je, ni lipi kati ya waliyoyafanya watu wale linawezekana kwetu?

Mzee wa Projekta

Mwalimu, hongera kwa kazi. Nilionyesha picha kwa projekta ya mikanda kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu filamu hizo ni shule nzuri kuliko zile za fedha nyingi, kwa sababu kila kitu kilichomo ni jibu la shida fulani.

Anza na Rocketship X-M ya mwaka 1950. Iligharimu takriban dola 94,000 na kupigwa kwa siku 18, kwa haraka ya kuitangulia filamu kubwa ya safari ya Mwezini iliyokuwa ikitangazwa kote. Mwongozaji wake, Kurt Neumann, hakujenga Mirihi hata kidogo: alikwenda Death Valley, jangwa la California, na sehemu hizo zikatiwa wekundu wakati sehemu nyingine zote za filamu zilibaki nyeusi na nyeupe. Mtazamaji anapoona rangi imebadilika, anaamini amefika mahali pengine kabla mtu yeyote hajasema neno.

Baada ya Sputnik, satelaiti ya kwanza, kurushwa Oktoba 1957, Roger Corman, mtengenezaji filamu wa Marekani, aliiharakisha War of the Satellites, nayo ikatoka mwaka 1958. Ndani ya chombo chake kuna korido ndefu na korido fupi, lakini zote ni matao yaleyale machache, yakisogezwa karibu au mbali kulingana na tukio. Vijana wako wanaweza kuyatengeneza kwa mbao na maboksi katika darasa moja.

Ninayemheshimu zaidi ni Mario Bava wa Italia. Katika Terrore nello spazio ya mwaka 1965 alikuwa na mawe mawili tu ya plastiki, masalia ya filamu nyingine. Akayazidisha kwa vioo na kuufunika uwanja kwa moshi. Nimeitazama mara nyingi na bado ninaingiwa na hofu mahali palepale. Na ninyi, Mwalimu, mawe mnayo ya kweli, makubwa kuliko nyumba.

Mhariri wa Nala

Ninakubaliana na Mzee kwa mengi, ila naomba asisahau upande wa pili wa kubana fedha kule. Mwaka 1962 Pavel Klushantsev wa Urusi ya Kisovieti alitoa Planeta Bur, filamu ya safari ya Zuhura iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Corman aliinunua, akaongeza vipande vichache na waigizaji wa Marekani, ikawa filamu nyingine mwaka 1965. Mwaka 1968 ikakatwakatwa tena na mwongozaji Peter Bogdanovich kuwa filamu ya tatu. Kama mhariri ninavutiwa na ufundi wa kuunganisha, lakini inaniuma kuona kazi ya mtu ikiishi bila sura yake. Kwa hiyo, Mwalimu, mkihitaji kipande cha roketi ikiruka, tumieni picha za NASA, shirika la anga la Marekani, ambazo kwa kawaida hazifungwi na hakimiliki, na mtaje mlikozitoa.

Jambo la pili ni sauti, maana upepo wa Dodoma mnaujua. Wavisheni wanaanga kofia zenye kioo cheusi, ili midomo isionekane, kisha rekodini mazungumzo yote baadaye katika chumba tulivu chenye mapazia na magodoro. Mtaokoa siku nzima ya kurudia.

Binti Kondoa

Shikamoo Mzee, na habari za kazi, Mwalimu. Ninaongeza kuhusu mahali. Mkishawishika kuja kwetu Kondoa, tafadhali msipeleke moshi, rangi wala moto karibu na miamba yenye michoro. Michoro hiyo imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na ukiharibika mstari mmoja haurudi. Mawe yasiyo na michoro yapo tele pembezoni mwa mji wenu. Ulizieni mapema kibali Bodi ya Filamu, na msiache kupita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Halafu fikirieni joto: mtoto aliyefungiwa kofia na vazi zito saa saba mchana wa Oktoba anaweza kuzimia. Pigeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, mpumzike, mrudi jioni.

Mwalimu wa Makulu

Mzee, shikamoo, na ninyi nyote asanteni sana. Nimewasomea vijana majibu yenu, na mabishano yakaanza papo hapo. Mmoja alisema anga letu la buluu litatuumbua, kwa kuwa picha za Viking 1, chombo kilichotua Mirihi, za mwaka 1976 zilionyesha anga la Mirihi lenye rangi ya vumbi. Tumeamua kamera ipande juu ya jiwe na kutazama chini, na pale anga lisipokwepeka tutatia wekundu. Mwingine alikumbusha kwamba mvutano wa Mirihi ni takriban asilimia 38 ya wa Dunia, hivyo hatua za wanaanga zitarekodiwa kwa simu na kupunguzwa kasi. Matao ya korido yameshapimwa: manne, ya mbao za madawati mabovu. Jumamosi tunakwenda kutazama mawe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.