Neno la Kiingereza utajuaje hapa ni jina na hapa ni kitendo?

mtoto_wa_paje
Assalam alaykum. Mie nafanya kazi gesti huku Paje, juzi kaja mgeni na gari ya kukodi kauliza "where can we park?" mie nilichokidaka ni park tu, nikamwelekeza njia ya Jozani, ile hifadhi ya msitu, na habari za kima punju wa huko nikampa, kumbe masikini anatafuta pa kuweka gari. Wenzangu mpaka leo wananita Jozani. Sasa park ni hifadhi na hapohapo ni kupaki, book ni kitabu na ni kubuku, mtu anajuaje? Kwetu kitendo unakiona, ninapaki, atapaki, wao neno liko vilevile.

ukhti_wete
Wa alaykum salaam, nimecheka wallahi 😂 Usiliangalie neno, angalia jirani yake. Kabla yake pana "the", "a" au "my", hilo jina. Pana "can" au "will", kitendo. Kwako lilikua swali ndo mana "we" kajipenyeza katikati akakupoteza. "To" iangalie vizuri, "to park" ni kupaki, "to the park" ni kwenda hifadhini.

mzee_forodhani
Na sisi tunayo tusijifanye. Kaa wa baharini, kaa la moto, kaa hapo. Hakuna anaebabaika, mana "wa" na "la" zishasema.

mtoto_wa_paje
Na ile s ya mwisho? Skuli nilifunzwa ni wingi.

ukhti_wete
Walikupa nusu. "Two guides" ni wingi, ila "he guides tourists" ni mtu mmoja tu anatembeza wageni, s hiyo ya kitendo.

ticha_chake
Sauti mumeisahau. "Record" ukikaza mwanzo ni jina, ukikaza mwisho ni kitendo. "Use" ya jina inaishia sauti ya s, ya kitendo z. Sie inatupita kwa vile mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, hauhami. Ila park na book hazibadiliki hata chembe, hapo ni majirani tu wa kukuokoa.

mtoto_wa_paje
Ahsanteni. Leo kaja mwengine, "is there a park near here?" nikanyamaza kwanza nikaitafuta ile a, nikaipata. Nikamwelekeza Jozani, wenzangu wakaanza kucheka, mgeni huyo kashukuru kaondoka zake.